Nyumba ya Mwisho wa Dunia

Jumatatu, 3 Juni
Nyumba yangu imechaguliwa! Watu wa filamu wamezunguka mtaa mzima, wakaishia kwangu. Hadithi yenyewe: dunia imeteketea, wakubwa waliosalia wanatawala kwa mabavu, vijana wanaasi na kujificha katika nyumba moja. Nyumba hiyo ni hii! Mwongozaji wao alipapasa ukuta uliobanduka rangi, machozi yakamlengalenga. Akaniambia nisiguse kitu. Ana huruma, hataki mzee ajichoshe. Vijana nyumba nzima! Tangu mama watoto afariki, na watoto wawe watu wa simu za sikukuu, sauti pekee humu ni ya friji. Jirani yangu fundi cherehani kanuna. Anune.

Jumanne, 4 Juni
Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini si kwenye utando wa buibui. Nimepaka rangi ya samawati sebuleni na ukuta wa mbele. Nimetia vioo madirishani. Nimefyeka majani. Kiti cha marehemu nimekitoa stoo, nikakifuta mpaka kikang'aa. Mgongo hauna hali. Fundi cherehani alichungulia juu ya ukuta akauliza kama naoa.

Alhamisi, 6 Juni
Wamekuja. Mwongozaji kasimama langoni, katazama picha aliyopiga, katazama nyumba. Akauliza ile nyumba nyingine iko wapi. Nikamjibu kwa fahari kwamba ndiyo hii. Akaketi kwenye ngazi, kajishika kichwa.

"Mzee wangu," akasema, "mimi nilitaka gofu la nyumba."

Papo hapo wakahamia kwa fundi cherehani, ambaye hajashika ufagio tangu astaafu. Uvivu wake leo umemletea wageni! Mchana kutwa nasikia vijana wakicheka upande wa pili wa ukuta. Chai niliyowapikia nimeinywa mwenyewe, kikombe baada ya kikombe. Nimeumia, sifichi.

Ijumaa, 7 Juni
Ajabu! Binti mmoja, yule anayeigiza kiongozi wa waasi, kaja kuomba maji. Masizi usoni, nguo matambara. Akakaa kwenye kiti cha marehemu. Sikumkataza. Akalalamika kwamba kwa fundi hakuna pa kukaa, na vumbi linawakohoza.

"Babu, hapa kwako pazuri," akasema. "Kesho mchana nitawaleta wenzangu wote tupumzike."

Alipoondoka nilibaki nikitabasamu peke yangu. Glasi yake sijaiosha.

Jumamosi, 8 Juni, asubuhi
Nimetafakari. Binti ana adabu tu, kalelewa vizuri. Mimi si mtoto mdogo, najua wanachopenda hawa. Mara hii sikosei! Nimeazima nyundo kwa fundi cherehani. Vioo vyote chini. Ukuta nimeupiga matope, majivu nimeyamwaga sebuleni. Kimebaki kile kiti. Kigumu kweli, marehemu alijua kuchagua mbao. Lakini miguu miwili imeshakatika. Wakija mchana hawatataka kuondoka.