Batalioni ya Mtu Mmoja Yaomba Likizo

Kwa Mkuu wa Majeshi,

Afande,

Napiga saluti kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umeshika kalamu. Mimi ni askari wa kawaida katika batalioni inayolinda ghala la mahema. Tulikuwa wengi, lakini wenzangu wamepandishwa vyeo mmoja mmoja mpaka wakaisha. Sasa nina koplo wa seksheni, luteni wa platuni, meja wa kombania na kanali wa batalioni. Juu yao kuna brigedi, na juu ya brigedi kuna kamandi. Chini yao wote niko mimi. Chini yangu ni sakafu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Gwaride. Kila asubuhi koplo hunguruma, "Mistari mitatu, panga!" Nilipomuuliza nisimame mstari upi, akanijibu, "Anza na wa mbele, hiyo mingine tutaona."

2. Mazoezi ya vita. Kanali aliamuru platuni ya kwanza ishambulie kilima na ya pili ikilinde. Nikapanda nikifyatua, nikafika juu, nikageuka kujizuia, nikashuka kujishambulia tena. Ilipofika saa sita mchana nikajiteka. Ripoti ilisema tumeshinda na mateka ametendewa vizuri. Si kweli, Afande. Sikupewa hata maji.

3. Likizo. Hili ndilo linaloniuma. Mke wangu alipokaribia kujifungua niliomba siku saba. Ombi likapanda kwa koplo, luteni, meja, kanali, brigedi hadi kamandi, kila meza ikigonga muhuri wake. Jibu limeshuka jana: "Haiwezekani batalioni nzima kwenda likizo kwa mpigo." Mtoto sasa anatembea. Mama yake anasema kila akiona gari la jeshi hulipungia mkono na kuliita baba.

Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Hapa wamejaa, na nyasi ni mimi. Naomba mmoja wao ashushwe cheo tusaidiane, au nipewe hizo siku saba nikamwonyeshe mwanangu kwamba baba yake hana magurudumu.

Naomba unisalimie makamanda wote. Ukianza leo, Ijumaa utamaliza.

Mtiifu wako,
Askari (wote)

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, koplo amekuja mbio. Yeye amekuwa sajini, na mimi ndiye koplo. Nimeupitia upya muundo wa jeshi letu, sioni kasoro hata moja; barua hii ichane. Ila niletewe askari upesi, gwaride ni kesho. Akiwa hajui kuandika, itakuwa heri zaidi.