Mguu Unaonusa Dhahabu

Jumatatu, 3 Machi 2025. Rwamgasa.
Nimerudi kutoka Geita kwa daktari. Huu mgongo, unaoniuma tangu nilipoanguka shimoni tukichimba dhahabu, umevizoea mno vidonge vya zamani. Nimepewa vipya. Daktari kaagiza vya zamani nivipunguze polepole. Polepole ni ya watu wasio na kazi. Nimevifukia nyuma ya nyumba. Mke wangu, Mama Lusia, hajui. Hana haja ya kujua.

Jumatano, 5 Machi.
Mambo mapya. Nikigeuza macho, shoti kama ya umeme inapita kichwani. Vidole vina ganzi. Mguu wa kulia unaruka wenyewe. Leo umeruka karibu na shimo la Ignas, jirani anayepata mawe yenye dhahabu huku mimi napata vumbi. Nikarudi nyuma, nikapita tena. Ukaruka tena. Mama Lusia anataka nirudi kwa daktari. Haoni ninachokiona. Mguu unanusa dhahabu.

Alhamisi, 6 Machi.
Nimewatembeza wachimbaji wangu uwanjani kwangu, tukisubiri mguu uruke. Masele, mmoja wao, akauliza kwa adabu, "Mzee, unacheza au unatafuta?" Uliporuka kwa nguvu, nikaamuru wachimbe hapo hapo. Jioni wakafika kwenye choo cha zamani. Masele kaenda kuoga. Hajarudi.

Ijumaa, 7 Machi.
Ignas anatangaza kijiweni kwamba nimerogwa. Nikaenda kumwonyesha mbele ya watu wake. Nikasimama ukingoni mwa shimo lake. Mguu ukaruka. Wa pili ukafuata. Shoti ikapita, dunia ikainama. Ignas akanidaka mkanda wa suruali. Chini niliona giza tu, na kamba ya ndoo. Tulikaa chini wote wawili, tukihema. Kisha akasema taratibu, "Baba Lusia, una watoto wewe." Akanileta nyumbani kwa pikipiki yake. Kuokolewa na Ignas. Aibu gani hii.

Jumamosi, 8 Machi.
Geita tena, na Mama Lusia. Daktari akauliza vidonge vya zamani viko wapi. Nikasema vimekwisha. Mama Lusia akasema, "Daktari, kuku wamevifukua." Daktari akanigonga magoti kwa kinyundo. Hawezi kuapa, anasema, ila huenda mwili umeshtuka kwa kukatishiwa dawa ghafla. Nivirudie, nivipunguze anavyopanga yeye. Sasa Mama Lusia ndiye anayevitunza. Njiani alinishika mkono, akasema aliogopa sana. Nikamwambia mimi sikuogopa. Mkono wake sikuuachia hadi nyumbani.

Jumapili, 23 Machi.
Shoti zimekoma. Mguu umetulia. Baada ya ibada Ignas akaniambia goti linamsumbua, na daktari amempa vidonge, kimoja kila jioni. Nikamvuta pembeni, maana fadhila hulipwa. Nikamweleza kuwa kimoja ni cha kujaribia tu, ameze viwili asubuhi. Akasita, akasema daktari alikataza. Nikamtuliza. Daktari ana cheti. Mimi nimepitia.