Kilichomgusa Hironimus

Ijumaa, 11 Julai 2025

Baridi ya kutetemesha meno. Nimevaa masweta mawili na bado naandika kwa shida. Lakini moyoni moto! Kesho Radi Saba, bendi yetu, wanapiga uwanjani, hapa hapa Songea. Miaka thelathini na nne tumewasubiri. Dar wamepiga, Mbeya wamepiga, hata Lilongwe wamepiga. Sasa zamu yetu.

Wapenzi wa Radi Saba tawi la Bombambili tuko kumi na mmoja. Watu wanashangaa wazee wazima kushabikia roki, magitaa ya kukwaruza na ngoma za kupasua kichwa. Washangae tu. Kila Jumapili baada ya misa ya pili tunakutana mgahawani kwa Lidwina, na kikao tunakiendesha kama jumuiya ya sala: mnasikiliza wimbo mmoja, mnakaa kimya, halafu kila mtu kwa zamu anasema kilichomgusa. Anayepigiwa makofi siku zote ni Athanasi, mwenyekiti, fundi cherehani. Athanasi akisema gitaa limemgusa, watu wanatoa leso. Nikisema mimi, wanaagiza chai.

Aliyekuwa ananisikiliza mpaka mwisho ni Hironimus peke yake. Tumekuwa pamoja tangu darasa la tatu. Sasa amelala kwa binti yake Noela, kule Ruhuwiko. Moyo umetanuka, miguu imevimba, pumzi anazivuta kwa kuzitafuta. Daktari amemwambia Noela wazi kwamba zimebaki siku, si miezi.

Leo nimeenda kumwona. Ameniambia niende tamashani, nikirudi nije tuongee. Nikamwahidi kumletea tamasha zima, asikose hata nukta. Ni kitu cha mwisho ninachoweza kumfanyia na nitakifanya vizuri kuliko mtu yeyote. Hasa kuliko Athanasi.

Mpango ni huu. Athanasi atakaa kwenye jukwaa la watazamaji na wenzake, mbali, atazame vichwa vya watu. Mimi nitakuwa mbele kabisa. Jirani yangu Muhsini anasimamia vijana wa huduma ya kwanza. Aliniamkia shikamoo, nikamwomba kizibao. Akauliza kama nina ujuzi. Nikamjibu kwamba nimekuwa mtunza stoo wa shule miaka thelathini, na sanduku la huduma ya kwanza lilikuwa chini ya ufunguo wangu. Ni kweli tupu! Amenipa chekundu, kimenibana tumboni.

Jumamosi, 12 Julai

Ole wangu.

Hema la huduma ya kwanza walilisimamisha nyuma ya bendi. Nyuma! Watu elfu kadhaa wanaona nyuso za Radi Saba, mimi naona migongo. Mpiga ngoma shati lake limechanika begani, amelishona kwa uzi mweupe. Hicho ndicho nilichokiona vizuri.

Saa tisa na nusu wakaanza. Gitaa la kwanza likalia, nikasisimka mwili mzima, nikasema Hironimus, hiki hapa! Papo hapo tukaletewa mama mmoja amezimia. Mama mwenye mwili mkubwa. Muhsini akaamuru mwenye umri mkubwa aende naye kwenye gari la wagonjwa, mgonjwa asiogope. Mwenye umri mkubwa nilikuwa mimi, wengine wote wangeweza kuwa wajukuu zangu.

Mama alizinduka kabla hatujatoka getini. Akataka kurudi. Nami nikataka kurudi. Dereva akasema utaratibu ni utaratibu. Hospitali tukakaa kwenye benchi, yeye ananilaumu mimi, na gari likaitwa kwingine. Nilipopata bodaboda na kufika uwanjani ilikuwa saa moja kasoro, watu wanatoka wakiimba, masweta wameyafunga viunoni kwa jasho. Athanasi alikuwa kati yao. Macho mekundu. Akanishika bega akasema, ndugu yangu, tumeona. Nikasema tumeona.

Nimesikia nusu ya wimbo mmoja. Nitamwambia nini Hironimus?

Jumapili, 13 Julai

Nimepata njia. Kwenye kikao nikaomba kusema wa mwisho, nikasingizia koo. Nikakaa kona na daftari, wenzangu wanatoa yaliyowagusa, mimi naandika.

Lidwina aliguswa kipaza sauti kilipozima katikati ya wimbo wa tatu, na uwanja mzima ukauimba wenyewe mpaka mwisho. Ashura muuza vitenge, mtu wa Tunduru, aliguswa na mzee wa gitaa ambaye kati ya nyimbo alikuwa anameza vidonge, halafu anarudi kupiga kama kijana. Athanasi akasimama, akavua kofia. Akasema mwimbaji alishindwa kuifikia sauti ya juu, akatabasamu, akawaachia wapenzi waifikie wao. Akasema siku hiyo ameona mtu anazeeka bila kuona aibu. Makofi! Lidwina analia. Nami kidogo machozi yanitoke, nikakumbuka ni Athanasi.

Zamu yangu. Yote mazuri yameshasemwa. Mdomo ukafunguka wenyewe. Nikasema kilichonigusa mimi ni salamu. Mwimbaji alisogea ukingoni akasema wimbo huu ni wa Hironimus wa Ruhuwiko, ambaye anaumwa.

Lidwina akasema hakuisikia salamu hiyo. Nikasema kipaza sauti kilikuwa mbali na mdomo, sisi wa karibu ndio tuliosikia. Athanasi akanitazama kwa muda, kisha akainama, akaiandika kwenye kitabu cha kumbukumbu. Hakuna aliyepiga makofi. Waliagiza chai.

Mchana nikaenda Ruhuwiko. Nikakaa saa mbili kando ya kitanda, nikammwagia yote: kipaza sauti, vidonge, sauti ya juu, yote nimeyaona mimi, yote yamenigusa mimi. Mwisho nikamwaga salamu. Hironimus akafumba macho, akatabasamu. Akaanza kusema kuhusu gitaa la pili kwenye wimbo wa tano. Sikuwa nimemtajia wimbo wa tano! Nikajua Athanasi ameshanitangulia. Nikamwambia Hironimus apumzike, asijichoshe, nikamrudia wimbo wa tatu kwa kirefu zaidi.

Mlangoni nikamuuliza Noela kama Athanasi amekuja. Akasema hajaja. Nadhani yeye na Athanasi wameelewana wanifiche.

Jumatatu, 14 Julai

Athanasi amekwenda leo asubuhi! Kabeba na togwa. Amemsimulia ile habari ya kuzeeka bila aibu, ambayo jana niliisimulia mimi kama yangu. Kwa hiyo Hironimus amesikia kwamba watu wawili, mahali tofauti uwanjani, walilia sekunde ile ile kwa maneno yale yale. Nikamuuliza Noela baba yake alisema nini. Kumbe alicheka mpaka kikohozi kikamshika.

Halafu baya zaidi. Hironimus alimuuliza Athanasi kuhusu salamu. Na Athanasi, mwenyekiti, mwanakwaya, akajibu kwamba aliisikia. Akasema ilitolewa mara mbili, na watu wote wakasimama.

Mara mbili! Watu wote wakasimama! Kwa nini sikufikiria hilo mimi? Nimekosa hamu ya kula.

Jumanne, 15 Julai

Salum anaongoza sherehe za harusi na anaweza kuiga sauti ya mtu yeyote. Nimempeleka nyuma ya nyumba yangu, akanguruma kama mwimbaji wa Radi Saba, nikamrekodi kwenye simu. Mzee Hironimus, nakutumia salamu kutoka hotelini, ugua pole, wewe ni mpenzi wetu namba moja. Safi kabisa. Isipokuwa katikati alipita mama wa dagaa na beseni, na sauti yake imeingia yote: dagaa wa Nyasa hao, wakavu!

Sikuwa na muda wa kurudia. Nikampelekea hivyo hivyo.

Amedhoofika tangu jana. Midomo imekuwa ya kijivu. Nikamwekea simu sikioni. Akasikiliza, akaomba tena, akaomba mara ya tatu. Akasema kwa taabu kwamba hotelini kwao dagaa wanaelekea ni wazuri. Nikasema hoteli kubwa wanapika kila kitu.

Akanishika mkono. Mkono wa baridi. Akasema, "Fulgence, kaa. Nyamaza kidogo, na mimi niseme."

Nikakaa. Akavuta pumzi. Akasema, "Mimi kilichonigusa..." Akanyamaza. Akavuta nyingine. Nikasubiri. Nilidhani amechoka na ameishia hapo, maskini, maana atakuwa ameguswa na nini naye yuko kitandani? Ukimya ule ulinitia hofu, nasema kweli. Nilianza kusikia jinsi kifua chake kinavyolia. Basi nikaujaza. Nikamwelezea taa za jukwaani, nyekundu na buluu, ambazo nazo sikuziona. Alinitazama muda wote. Hakuuachia mkono wangu.

Alhamisi, 17 Julai

Hironimus amefariki jana, saa kumi na moja alfajiri.

Jana sikuweza kuandika. Nilikwenda Ruhuwiko, nikakaa na wanaume nje kwenye moto. Kila mtu anasema neno juu yake, mimi sikuwa nalo. Miaka hamsini na mbili! Nimelia mbele ya watu, hata sikutafuta pa kujificha. Athanasi akaja akakaa karibu yangu. Kwa mara ya kwanza sikumchukia.

Leo Noela ameniita chumbani. Shuka zimeshaondolewa. Mezani kuna redio ndogo.

Akasema, "Baba mdogo, tamasha baba alilisikia lote. Redio ya hapa mjini ilirusha moja kwa moja. Niliiweka juu ya mto, akanizuia hata kukohoa."

Nikakaa kitandani. Nikauliza habari ya salamu. Akasema baba yake alijua tangu mwanzo kwamba haikuwapo. Nikauliza kwa nini basi hakunisuta. Akasema baba yake hakutaka, alisema tumejitahidi sana, mimi na Athanasi. Halafu akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Alikuwa na la kwake la kusema. Alikuwa anakungojea wewe. Lakini kila akivuta pumzi, wewe ulishaanza."

Ni kweli. Mtu alikuwa na pumzi za kuhesabika, nami nikazimaliza kwa taa nyekundu na buluu.

Akasema jioni ile ya Jumanne nilipoondoka, baba yake alimwambia yeye. Polepole, mpaka akamaliza. Akamwagiza anifikishie kwa mdomo, mimi peke yangu. Nikasema niambie. Papo hapo wamama wakamwita, sanda imefika.

Naapa mbele ya daftari hili. Kuanzia leo nasikiliza.

Jumamosi, 19 Julai

Tumemzika Lusewa, kwao. Mahindi yameshavunwa, shamba lote jeupe mpaka kaburini.

Ratiba ilimweka Athanasi kutoa salamu za marafiki. Haiwezekani! Nikamweleza katekista kwamba mwenyekiti ameniomba nimshikie, amezidiwa na huzuni. Kuzidiwa alizidiwa kweli, hilo si uongo. Nikasema. Nilianzia darasa la tatu. Nilipofika darasa la saba padre alitazama jua. Nilipofika mwaka tisini na moja, siku tuliyoisikia Radi Saba mara ya kwanza redioni, katekista alianzisha wimbo juu ya sauti yangu na kwaya ikaupokea.

Jeneza liliposhuka, nikaona nimwambie mtu jinsi ninavyojisikia. Nikageukia mkono wa kulia, upande ambao siku zote husimama Hironimus. Alikuwa amesimama mjomba wake, sikumfahamu. Nikageuka tena mbele. Maumivu haya sijawahi kuyapata, na sijui nayapeleka wapi.

Noela alikuwa amezungukwa na wamama. Sikumfikia.

Jumapili, 20 Julai

Noela amekuja kwangu asubuhi, kabla ya misa. Amefunga mizigo. Mumewe alihamishiwa Kigoma tangu Januari, naye alibaki huku kumuuguza baba yake tu. Bodaboda ilikuwa inamngoja nje. Akasema amepita kwa lile jambo, kwamba hawezi kuondoka hajalifikisha.

Nikamkaribisha kiti. Nikampa chai. Nikaona si vizuri kumwacha aanze na majonzi moja kwa moja, nikamuuliza hotuba yangu ya jana aliionaje. Akasema nzuri, baba mdogo. Nikamweleza kwamba alisikia nusu tu, kwa sababu ya katekista. Alikuwa hajajua yaliyofuata baada ya mwaka tisini na moja! Nikamsimulia. Alisikiliza vizuri sana, mikono magotini. Mara mbili alifungua mdomo, nami nikamwashiria asubiri, nakaribia mwisho. Bodaboda ikapiga honi. Ikapiga tena. Akasimama, akaniaga, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Alikuwa analia. Nikamfariji kwamba baba yake yuko mahali pema.

Alipopotea kwenye kona ndipo nikakumbuka.

Namba yake ninayo. Sasa hivi yuko njiani, simu haitasikika vizuri. Nitampigia, labda wiki ijayo. Lakini kikao ni saa tano, na leo Athanasi mwenyewe amenipa zamu ya kwanza niseme kilichomgusa marehemu, maana wote wanajua mimi ndiye niliyeachiwa neno lake la mwisho.

Si neno. Nitakisia. Nani alimjua kuliko mimi? Nimeshaandika sentensi tatu za mwanzo, na ni nzuri, nzuri kabisa, Athanasi atatafuta leso. Natamani Hironimus angezisikia.