Bundi wa Mama Anésie

Alhamisi, 4 Septemba 2014
Wanasema baridi ya huku kusini mwa dunia imekwisha. Mimi bado nalala na soksi. Chepngetich, yule nesi wa mtaa wa Quakers Hill, amenialika kwenye matembezi ya Jumamosi alfajiri, kutazama ndege. Nimekubali kabla hajamaliza kusema. Ndipo akaongeza kwamba Lazare pia anakuja. Lazare! Mrundi mwenye darubini yake mwenyewe, anayejua kila ndege kwa jina. Mimi Mbuvi najua kuku.

Ijumaa, 5 Septemba
Nimepata njia. Anayetuongoza ni Mama Anésie wa Bukavu, na kuna bundi mkubwa wa huku anayemtafuta mwaka wa tatu sasa. Kwetu Kitui bundi akilia juu ya paa watu hutazamana: nani mgonjwa? Huku wanaamka gizani kumfuata. Haya. Sauti yake nimeipata mtandaoni. Nitatangulia, nifiche simu kichakani, ilie yenyewe. Wa kwanza kuisikia nitakuwa mimi. Lazare atakoma!

Jumamosi, 6 Septemba
Siku mbaya. Nikitoka kuficha simu, ndege mmoja mweusi na mweupe akanidonoa utosini mara mbili. Msimu huu wanalinda viota. Nikavumilia.

Saa kumi na mbili bundi akalia. Nikainua kidole. Lazare akakunja uso, akasema bundi gani analia chini hivyo. Wivu! Chepngetich akanishika mkono. Mkono wangu!

Lakini Mama Anésie aliketi kwenye jiwe akaanza kulia. Akasema marehemu mumewe alikuwa akimwiga bundi huyo kila asubuhi jikoni, na tangu amzike hajaisikia sauti hiyo. Akatoa daftari la ndege la mumewe, akaandika mstari: bundi, na tarehe.

Nilitaka kusema. Kweli nilitaka. Nikafungua mdomo, na bundi akawika kama jogoo. Simu yangu inaita: bosi wangu wa nyumba ya wazee ninakofanya kazi, anatafuta mtu wa zamu.

Lazare aliingia kichakani, akarudi na simu, akanikabidhi kwa mikono miwili, kwa heshima. Hilo ndilo liliniuma.

"Mwanangu," akasema Mama Anésie, "si ungeniambia tu?"

Akaukata ule mstari daftarini polepole.

Jumapili, 7 Septemba
Nimempigia Mama Anésie kuomba radhi. Amesema amesamehe. Amesema nije tena Jumamosi, bila simu, nitembee naye tu na kusikiliza. Sauti yake imechoka. Chepngetich hajibu ujumbe. Nimelia kidogo nikisubiri maji ya chai yachemke.

Jumanne, 9 Septemba
Nimetafakari sana. Kosa langu nimeliona: ndege si watu wa kuaminiwa.

Nimesikia Chepngetich anaimba kwaya ya Wakenya pale Westmead, nao hawana sauti ya besi. Nimewaambia niliongoza kwaya Kitui miaka sita. Mazoezi ni Jumamosi asubuhi. Mama Anésie atanisamehe tena, ana moyo huo.

Kuimba sijui. Nitafungua mdomo tu.