Tangazo la Ushindi Dhidi ya Vijidudu Sugu

Wananchi wote mnatangaziwa kwamba nchi yetu imevishinda vijidudu sugu. Ushindi huo ulipatikana katika kikao cha Kamati ya Taifa ya Kudhibiti Usugu, mara tu baada ya chai. Mimi ni katibu wa kamati hiyo, kwa hiyo hizi ni habari za jikoni.

Mbinu tuliyotumia ni ya kitaalamu. Mtafiti wetu, anayejulikana mtaani kama Mama Kuku, alikuwa na tabia ya kuingia mabandani na buchani bila hodi, akipangusa nyama na vinyesi kwa vijiti vyake vya pamba. Kila alipopangusa alikuta vijidudu vinavyopigwa dawa na kuendelea na shughuli zao. Kamati ikabaini kwamba kasoro iko kwenye hodi. Tukaelekeza kila bucha lipewe taarifa mapema ili lijiandae. Yakajiandaa vilivyo, na vijidudu vikatoweka kwenye takwimu.

Mama Kuku ni mke wa kaka yangu, basi nikatumwa mimi kumtuliza.

"Shemeji, hapo mmepima sabuni," alisema.

"Sabuni nayo ni afya," nikamjibu.

Hakutulia. Alikuja kikaoni akamkabili Mwenyekiti, ambaye baada ya saa za kazi ni mfugaji mkubwa wa kuku.

"Mzee, hiyo dawa unayowatilia kuku kwenye maji kila siku, wagonjwa kwa wazima, inavisomesha vijidudu. Vikishahitimu, vinahamia kwa mlaji."

"Kuku wangu hawajawahi hata kupiga chafya," Mwenyekiti akasema. Kamati ilipiga makofi na suala likafungwa.

Ikabaki sherehe. Mgeni rasmi alikuwa Mwenyekiti, kwa mwaliko wa Mwenyekiti, na kuku walitoka kwa Mwenyekiti. Jengo zima lina jokofu moja kubwa, nalo lilikuwa katika maabara, limejaa sampuli za Mama Kuku. Tukaliazima kuwekea kuku wa sherehe, kwa maslahi ya umma.

"Shemeji, humo ndimo yalimo majibu yote," aliniambia, machozi yakimlengalenga. "Zikiyeyuka, siku mtu akizidiwa tutajuaje ni dawa gani bado inafanya kazi?"

Niliona haya, kwa kiwango kinachoruhusiwa na cheo changu. Alizipanga sampuli kwenye barafu, akaenda kuomba nafasi katika jokofu la hospitali.

Siku ya sherehe mpishi alituambia kuku bado wana damu mfupani. Tulimkumbusha kwamba ratiba imeshasainiwa. Wakapakuliwa hivyo hivyo, na Mwenyekiti akala mapaja ya watu wawili.

Kesho yake kamati nzima ilikuwa chooni. Mjumbe mmoja alikuwa na dozi iliyobaki nyumbani, na kwa kuwa sisi ni watu wa haki, tuligawana kidonge kimoja kimoja asionewe mtu. Haikusaidia. Tukahamishia kikao wodini, ambako dripu ya kwanza haikufua dafu, na ya pili ikafuata nyayo zake. Mwenyekiti alitetemeka hadi kitanda kikalia. Sikuwa na utani tena, niliogopa kweli kwamba mzee anatutoka.

Ndipo akaingia Mama Kuku, kutoka vyumba viwili tu mbele, kwenye jokofu lake la kuombaomba.

"Nimevilinganisha," akasema. "Mzee, vijidudu vyako na vile vya bandani kwako ni ukoo mmoja. Bahati nzuri navifahamu tangu utoto wao. Kuna dawa moja ambayo havijaisoma."

"Niletee, mwanangu!"

"Ila serikali imetangaza kwamba vijidudu hivyo havipo. Sasa nitibu nini?"

Mwenyekiti aliinua kichwa kwa taabu.

"Lile tangazo ni la wananchi. Mimi naumwa."

Mama Kuku alicheka mpaka akashika ukingo wa kitanda, kisha akamwonyesha chupa iliyoning'inia juu yake. Dawa ilikuwa imeanza kuingia kabla hata hajafungua mdomo.

Tumepona wote. Tangazo halijafutwa, maana kulifuta kunahitaji akidi, na wajumbe wengine bado wanaona aibu kukutana. Jokofu nimelirudisha mwenyewe, nikalisugua kwa mikono yangu huku shemeji akinisimamia.

Jana alikwenda kuchukua sampuli bandani kwa Mwenyekiti. Hakutoa taarifa wala hakupiga hodi. Mwenyekiti ndiye aliyemshikia kuku.