Vita vya Limau na Saa ya Dhahabu

Teremsheni kuni, enyi akina mama wa Sagalla na Mwatate mliopeleka watoto kazini katika nyumba za Wazungu, mkae chini, mnisikilize, maana naandika habari za vita vikuu vilivyopiganwa Voi mwaka wa hamsini na nne, na nisipowaonya mimi vitawakuta na nyinyi.

Shujaa ni Danson mwanangu, mshinda vumbi, simba wa masufuria, boi wa bwana mkubwa wa shamba la katani. Na juu ya meko ya nyumba ile, meko ambayo hayajawashwa moto tangu yajengwe kwa sababu ya joto la Voi, ilikaa saa ya Kifaransa, ya shaba iliyovikwa dhahabu, na malaika mnono ameiegemea bila nguo. Memsabu aliipenda kuliko mume. Ikiharibika, Danson anafukuzwa siku ileile, na wadogo zake wanne wanamtegemea yeye.

Siku hiyo memsabu alikwenda Mwatate, akaacha agizo moja: saa ipanguswe kwa unyoya mkavu wa kuku, basi. Lakini mimi nilipofika na ndizi nilimkuta Danson amesimama mbele ya saa kama jemadari, mkono mmoja majivu, mkono wa pili nusu ya limau.

"Danson! Unataka kufanya nini?"

"Mama, jeshi la vumbi jekundu limemzingira malaika. Mikono hii imeng'arisha kila sufuria kwa majivu na limau, kama ulivyonifundisha mwenyewe. Leo ishindwe na kitoto chenye matako wazi?"

Neno hilo lilinichoma kama mkuki, maana ni kweli nilimfundisha.

"Mwanangu, pete aliyonivika marehemu baba yako niliisugua hivyo hivyo, ikabaki nyekundu kama senti. Dhahabu ya kupakwa haisuguliwi!"

"Ile ilikuwa pete ya sokoni. Hii imetoka Ufaransa."

"Hata Ufaransa limau ni kali!"

Akasita, na kwa kusita akaliminya. Tone likaning'inia juu ya dole gumba la malaika. Nikaurusha mkono kama ngao, nikalipokea kiganjani, pale pale nilipokatwa na jembe juzi. Liliwasha sana. Sikulia.

Danson akaweka silaha chini, akashika unyoya.

Saa kumi memsabu akarudi, akapitisha kidole juu ya saa, akakitazama, akasema, "Lete chai."

Jueni basi kwamba Voi haikupata ushindi mwingine kama huo mwaka ule, na shujaa wake aliupeleka mezani mwenyewe, pamoja na maziwa.