Mdudu wa Ruiru Arudishwe Kwao

Ilitangazwa kwa kipaza sauti, na kwa karatasi zilizobandikwa kwenye mlango wa kila duka la Thika, kwamba Serikali imemtambua rasmi mdudu mmoja. Mzungu msomi alikuwa amemkuta Ruiru, ametulia juu ya ua, akaandika kitabuni kwamba mdudu huyo hupatikana Ruiru. Kwa hiyo yeyote wa jamii yake atakayeonekana Thika atakuwa amevuka mpaka bila ruhusa. Hizo zilikuwa siku za Hali ya Hatari, mwaka wa hamsini na tano, na mtu mzima mwenye akili hakuvuka bila pasi. Mdudu ni nani?

Tangazo lilimweleza vizuri, wadudu wasio na hatia wasije wakasumbuliwa. Mgongo wa rangi ya chungwa, ncha nyeusi, na juu yake mistari midogo iliyopishana kama wavu. Atarudishwa kwao kwa lori la Serikali, akisindikizwa na yeyote atakayemkuta shambani mwake.

Syokau alisikia hayo yote na hayakumwingia. Mawazo yake yalikuwa Ruiru, kwenye kambi ya vibarua wa kahawa, ambako binti yake Mwongeli alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, hana wa kumkanda wala wa kumkorogea uji. Alijifunga leso, akaenda kwa Hedimani Kagwe, mkubwa wa Thika aliyewekwa na Serikali. Pasi zote za Thika ziligongwa muhuri na Kagwe, na hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa hata kuupangusa vumbi muhuri huo.

"Habari ya asubuhi, Mzee."

"Mzuri. Sema haraka, mama, nina kazi ya wadudu."

"Naomba pasi ya Ruiru. Msichana wangu amejifungua."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ya bwana yake."

Askari Barasa, aliyesimama mlangoni, alishikwa na kikohozi.

"Atiriri, sikia, mama," Kagwe akasema. "Pasi za Ruiru sasa ni za wadudu. Wewe ni mdudu?"

"Hapana, Mzee."

"Basi enda nyumbani. Mwingine!"

Syokau alirudi kwenye maboga yake. Na pale, katikati ya ua la boga, walikuwa wawili, mgongo wa chungwa, ncha nyeusi, hawana haraka na mtu. Kuku wake mwekundu alikuwa amemdonoa mmoja, na sasa alikuwa akisugua mdomo mchangani kama mtoto aliyelambishwa kwinini. Syokau akawainua kwa jani, akawatia kwenye kopo la kakao pamoja na ua lao, akatoboa kifuniko kwa msumari wapate hewa.

"Mzee," alisema kesho yake, "nimeleta wageni."

Kagwe akasimama. Kwa binadamu hakuwa na desturi ya kusimama. Akaandika barua kwa mkono wake na kuisoma kwa sauti: "Apite mama Syokau pamoja na mdudu, kwenda na kurudi." Muhuri ukalia twa!

"Wamekula?" akauliza.

"Ua la boga, Mzee."

"Vizuri. Usiwatikise barabarani."

Sasa, Kagwe naye alikuwa na kuku, na kuku wake walikuwa wamemwonyesha jambo. Mdudu huyu hakuwa na rungu wala bunduki, lakini jogoo mzima alimpisha njia. Kagwe akafikiri, kama rangi hii inaheshimiwa na jogoo, je, watu? Akamwendea fundi wa cherehani, akashonewa koti refu la rangi ya chungwa, pindo jeusi, na mabegani mistari ya uzi iliyopishana, kwa ajili ya cheo. Siku ya safari akalivaa, akaja kukagua lori.

Barasa alikuwa ameshika tangazo mkononi. Alitoka mbali, upande wa magharibi, na kila asubuhi Kagwe alimfundisha kwamba askari hafikiri, askari anatekeleza.

"Mgongo wa chungwa, uko," Barasa akasoma. "Ncha nyeusi, iko. Mistari... Geuka kidogo. Iko. Panda."

"Barasa! Ni mimi!"

"Ndiyo, Mzee. Ulisema nisisikilize visingizio."

"Mimi ni Hedimani!"

"Pasi?"

Kagwe akapapasa koti jipya. Fundi hakuweka mfuko.

Lori likapita Juja katikati ya makonge. Abiria wote walijisogeza upande mmoja, wakamwachia Kagwe upande mzima. Koti lilifanya kazi.

Ruiru, Syokau aliwaachilia wadudu wake kwenye maua kando ya mto, palipokuwa na ndugu zao wengi. Kisha akakimbia kambini. Mtoto alikuwa msichana, ngumi zimefungwa kama anayedai kitu. Syokau alimkanda Mwongeli, akakoroga uji, akakaa mpaka kitovu cha mtoto kikaanguka.

Alipofika kwenye kizuizi cha barabarani ili arudi Thika, alimkuta Kagwe juu ya jiwe, koti limekuwa rangi ya vumbi. Kila siku aliomba pasi, na kila siku alijibiwa kwa adabu: mtu wa Thika hupewa pasi na Hedimani wa Thika, na Hedimani amesafiri. Akirudi atakusaidia.

Askari wa kizuizi, Boaz, aliisoma barua ya Syokau. "Mama pamoja na mdudu, kwenda na kurudi. Mama namwona. Mdudu yuko wapi?"

"Nimewaacha kwao, mwanangu."

"Barua haisemi hivyo. Bila mdudu hupiti."

Kagwe alikuwa ameshasimama, anajipangusa.

"Mama Syokau," alisema polepole, "mtoto hajambo?"

"Hajambo, Mzee. Ni msichana."

"Ngai amsaidie." Akasogea karibu naye. "Mimi pia naenda Thika."

"Najua. Lakini nafasi hii ni ya mdudu." Syokau alimtazama kwa heshima zote. "Wewe ni mdudu, Mzee?"

Watu wa foleni wakanyosha shingo. Kagwe akatazama barabara ya Thika, akatazama pindo la koti lake.

"Sauti," Boaz akasema. "Nataka kusikia."

"Ndiyo," akasema Hedimani. "Ni mdudu."

Boaz akamzunguka, akaangalia mgongo, pindo na mistari ya mabegani, akaridhika, akainua mti wa kizuizi.

"Amekula?" akamuuliza Syokau.

"Bado. Nyumbani kuna ua la boga."

"Vizuri, mama. Usimtikise barabarani."